Kutengenezesha mlango ao kitanda Kindu: mbao kwanza, avansi nyuma

Mlango wa kwanza niliotengenezesha nyumbani kwangu, kule Mikelenge, ulikuwa mzuri kwa miezi mitatu. Fundi aliuleta mwezi wa nne, mvua ingali inanyesha. Ulikuwa mwekundu, unang'aa kwa verni, na majirani walikuja kuugusa. Mwezi wa saba, kiangazi kilipokaa, mbao zikaanza kuachana. Usiku tukiwasha taa ndani, mtu wa barabarani aliweza kuhesabu tuko wangapi mezani. Mwezi wa kumi mvua ikarudi, mlango ukavimba, ukakataa kufunga. Na ule mlango nilikuwa nimeulipa kwa zamu yangu ya likelemba, feza niliyoingoja karibu mwaka mzima.

Kwa muda mrefu nilimlaumu fundi. Leo nasema kosa lilikuwa letu wawili. Yeye alitumia mbao mbichi, na mimi nilimpa avansi Jumatatu nikamwambia nataka mlango Jumamosi. Mbao kavu haipatikani kwa siku tano. Nilichokuwa nanunua, bila kujua, ni haraka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama unataka mlango, kitanda, meza ao kabati, usianze na fundi. Anza na mbao, tena mapema.

Mbao inatoka wapi, na iko namna gani

Mbao nyingi za mji wetu zinapasuliwa huko huko porini kwa msumeno wa moteri, kisha zinafika kwa kinga, kwa gari ao kwa pirogi. Zile za upande wa Alunguli zinapaswa kuvuka mto ili zifike Kasuku na Mikelenge, sababu daraja hatuna. Kila mkono unaozishika njiani unaongeza bei, na kila mwenye kuzishika anataka ziuzwe upesi. Ndiyo maana mti uliosimama porini wiki tatu zilizopita unaweza kuwa leo kwenye atelye, na fundi anaupiga randa. Hata barabara ikikauka na mbao kuwa nyingi sokoni, bado ni mbichi.

Wauzaji wengi wanagawa mbao mafungu mawili tu: nyekundu na nyeupe. Ni mgawanyo wa macho, si wa miti. Uliza jina. Mvule, ambao wengine wanauita kambala ao iroko, ni mti mzuri kwa mlango na kadri ya dirisha, sababu mchwa na mvua havipati nguvu juu yake haraka. Lakini angalia: mvule uliopasuliwa sasa hivi una rangi ya manjano, na unageuka kahawia polepole kwa mwangaza. Watu wanaukataa wakisema "hii si nyekundu", kisha wanachukua mbao nyeupe iliyopakwa rangi. Kwaruza kidogo kwa kisu pembeni. Rangi ya kupakwa inaisha palepale. Lifaki ni wa ukoo mmoja na akaju, unafaa sana kwa kabati na kitanda. Limbali ni mzito na mgumu, mzuri kwa nguzo na madriye, lakini fundi mwenye msumeno wa mkono atakulipisha jasho lake, na ana haki.

Hata ndani ya mti mzuri kuna sehemu mbaya. Ile mbao ya karibu na ganda, yenye rangi ya kufifia, wadudu wanaila hata kama moyo wa mti ni mvule wa kweli. Ukiona ukanda mweupe kando ya ubao, ama ukatwe, ama bei ishuke. Usikubali uwekwe chini ya kadri ya mlango, pale mchwa wanapoanzia.

Sasa, ubichi. Mti uliokatwa umejaa maji. Yakitoka, ubao unapungua kwa upana. Kwa urefu haupungui karibu hata kidogo. Fanya hesabu: ubao wa upana wa sentimeta 25 ukipoteza 3 kwa mia tu, umepungua zaidi ya milimeta 7. Unganisha mbao tatu za namna hiyo kwenye mlango, na una nafasi ya zaidi ya sentimeta 2 ya kugawana. Hapo ndipo panya na macho ya watu yanapita. Gundi na misumari haviwezi kuzuia. Ukilazimisha, ubao unapasuka katikati.

Kujua kama mbao imekauka hakuombi mashine. Shika ubao mkononi: mbichi ni nzito na ina ubaridi ukiuweka shavuni. Angalia unga wa msumeno: ukishikana kama unga wa fufu, bado. Lakini njia ninayoiamini zaidi ni kilo. Chagua ubao mmoja, uweke kwenye mizani ya muuza mchele, andika kilo zake kwa makala juu ya ubao wenyewe. Tuseme umepata 25. Baada ya wiki tatu rudia. Ukipata 23, maji yangali yanatoka. Siku utakapopima mara mbili, wiki tatu katikati, na kilo zikabaki zile zile, hapo ubao umefika mahali hewa ya Kindu inaruhusu. Zaidi ya hapo hautakauka.

Kuukausha nyumbani si kazi ngumu, ni uvumilivu tu. Weka matofali chini ili mbao zisiguse udongo, panga safu ya kwanza, weka vijiti vya unene mmoja kila nusu meta, panga safu nyingine, na vile vile hadi juu. Vijiti vikae juu ya vijiti, mstari mmoja, la sivyo mbao zitajikunja. Weka mawe mazito juu. Kibaraza ao nyuma ya jiko panafaa, mradi kuna paa na upepo unapita. Jua la moja kwa moja linapasua. Miisho ya mbao ipake mabaki ya rangi ao mshumaa ulioyeyushwa, sababu maji yanakimbia haraka kupitia huko na ndiko mipasuko inaanzia. Ubao wa sentimeta 2 na nusu uachie miezi kadhaa. Madriye ni zaidi. Kwetu mvua inaachia kidogo tu, kati ya mwezi wa sita na wa nane. Ukinunua mbao mwezi wa pili ao wa tatu, kiangazi kitakumalizia kazi.

Najua mtu atasema: "Mimi nina harusi ya mtoto mwezi ujao, nitangoja kiangazi gani?" Bon. Basi agiza kitu ambacho ubichi hautakiharibu sana. Benchi la mbao nene linavumilia. Meza ambayo mbao zake zimeachiana nafasi kidogo makusudi, kama meza za mgahawa, inavumilia pia. Mlango wa mbao zilizobanana na kabati la milango miwili, hapana. Ao ulizia mtu anayebomoa nyumba ya zamani: ubao uliokaa miaka 20 chini ya mabati umekauka kuliko wowote wa sokoni, ni kuutoa misumari tu.

Kumpata fundi

Usimhukumu fundi kwa kitanda kilicho mbele ya atelye yake. Kile kimetoka jana, na kila kitanda ni kizuri siku ya kwanza. Mwambie: "Fundi, nionyeshe kitu ulichotengeneza mbele ya mwaka jana, na nyumba gani kiko." Fundi mzuri atataja watu watatu bila kufikiri. Nenda ukaangalie, mwenye nyumba hatakufukuza. Watu wa Kindu wanapenda kusema habari za mafundi wao, wazuri na wabaya. Fungua mlango, ufunge. Kaa kwenye kiti, jitingishe. Angalia chini ya meza, pale pasipopakwa verni.

Pia angalia viungo. Mguu wa kiti unapaswa kuwa na ulimi unaoingia ndani ya tundu, na gundi. Kiti cha misumari mitupu kinaanza kulia ndani ya mwaka. Kwa mlango wa kadri na vipande vya katikati, muulize vipande vile vinakaa namna gani. Akijibu kwamba vinaingia kwenye mfereji na kuachwa huru bila gundi wala msumari, huyu anajua kazi, sababu ubao unaweza kupumua ndani ya mfereji bila kupasuka. Akikuambia "naipiga misumari, haitatingishika", omba ruhusa uende.

Mashine si alama ya ufundi. Katika atelye nyingi kazi ni ya mkono, na mwenye randa ya umeme anaiwasha kwa jenereta. Mafuta yakipanda, bei inapanda naye. Misumari, vitasa, bawaba na gundi navyo vinatoka mbali, kwa treni ya kusini ikifika, kwa mto ao kwa ndege. Devi ya mwezi wa tatu haiwezi kuwa devi ya mwezi wa tisa. Fundi anayebadilisha bei akakuonyesha bei ya misumari sokoni haibi.

Avansi

Hapa ndipo urafiki mwingi umekufa. Tueleze vizuri namna mambo yanavyokwenda. Fundi hana mtaji. Mama A anampa avansi ya kabati. Fundi ananunua mbao, analipa shule ya mtoto, feza inaisha, kabati liko nusu. Anakuja Papa B na avansi ya kitanda. Kwa avansi ya B fundi anamaliza kabati la A. Kitanda cha B sasa kinamngoja C. Mlolongo huu unakwenda mpaka siku ambayo C hakuja, na yule wa mwisho ndiye anayesikia kila asubuhi: "Mama, kesho. Kesho kabisa, mungu mmoja." Mara nyingi huyu fundi si mwizi. Anafanya kazi ya jana kwa feza ya kesho.

Dawa yake ni kutompa feza ya mbao. Nunua mbao wewe mwenyewe, nenda naye sokoni akuchagulie, mlipe siku yake ile, kisha mbao zikauke kwako. Bawaba, kitasa na misumari pia nunua mwenyewe. Hapo kinachobaki ni kazi ya mikono, na hiyo naigawa mara tatu: theluthi anapoanza kukata, theluthi kitu kinaposimama kabla ya kupakwa verni, na theluthi ya mwisho kikiwa kimewekwa nyumbani kwangu na kufunguka. Ile ya katikati ni ya maana sana. Verni inaficha kila kitu, kwa hiyo nenda ukaone mbao zikiwa tupu.

Na muandike. Karatasi ya daftari inatosha, nakala mbili, shahidi mmoja wa kila upande. Maneno yawe mepesi, kwa mfano: «Mimi fundi fulani nimepokea kwa mama fulani mbao nane za mvule, kavu, meta 4 kila moja. Nitatengeneza mlango mmoja wa sentimeta 80 kwa 200 na kadri yake. Kazi ni franka kadha. Leo nimepokea kadha. Mlango utawekwa tarehe kadha. Mabaki ya mbao ni ya mwenye mbao.» Ile mistari ya idadi ya mbao na mabaki inaonekana ya ubakhili, lakini ugomvi mwingi unatokea hapo, si kwenye bei. Kama mnahesabu kwa dola, andikeni dola. Kama ni franka, franka. Msiache "tutaona taux ya siku ile".

Vipimo vitoke nyumbani, si kichwani. Pima nafasi ya mlango juu, katikati na chini, sababu ukuta wa matofali ya udongo haunyooki, na utumie kile kipimo kidogo kuliko vyote. Kwa kitanda, nunua godoro kwanza ao pima lile ulilo nalo. Nimeona kitanda cha 140 kikingoja godoro la 160 kwa miaka miwili, mwenye nacho analala chini.

Lakini tusiwasemee mafundi tu. Kuna kitanda kilichomalizika kinakaa atelye miezi minne, sababu mwenyewe alisema "mwisho wa mwezi nikilipwa", na mwezi haukuisha. Fundi hawezi kukiuza, hawezi kukilalia, mvua inakipiga pembeni. Kuna mteja anayebadilisha mawazo kazi ikiwa nusu, anataka droo tatu pahali pa mbili, bei ibaki ile ile. Na mtu akifariki katika kartye, fundi anaacha kila kitu ili atengeneze sanduku, sababu maiti haingoji. Akikuambia amechelewa kwa hiyo, usimbishie. Mwongezee siku mbili.

Mwisho wa mwaka, na wiki zile za mbele ya masomo kufunguliwa mwezi wa tisa, ni wakati mbaya wa kuagiza. Atelye zinajaa na vijana wanaojifunza ndio wanaoshika randa.

Vitu vya kufanya mwenyewe

Si kila mlio wa mlango ni wa kumwita fundi. Mlango uliovimba kwa mvua, usiupige randa haraka. Ukiukata sana mwezi wa kumi na moja, mwezi wa saba utakuwa na nafasi ya kidole. Kwanza tafuta mahali unapogusa: paka chaki ao makala kwenye kadri, funga, fungua, angalia alama. Mara nyingi si uvimbe, ni bawaba ya juu iliyolegea na mlango umeinama.

Bawaba inalegea sababu tundu la skurubu limepanuka. Usiongeze skurubu nene. Toa ile iliyopo, chonga kijiti cha mbao ngumu, kipake gundi, kigonge ndani ya tundu, kikate sawa, acha usiku mmoja, rudisha skurubu. Ni kazi ya nusu saa na inadumu miaka.

Droo inayokwama, isugue sabuni kavu ao mshumaa upande wa chini. Skurubu inayokataa kuingia kwenye mvule, sabuni vile vile, na toboa tundu dogo kwanza. Msumari unaopasua ubao karibu na mwisho, uugonge ncha kidogo kwa nyundo ili uwe butu. Butu inavunja nyuzi za mti, haizisukumi pembeni. Kitanda kinacholia usiku, kaza viungo, weka kipande cha ngozi ao mpira wa kinga pale mbao zinapokutana.

Mchwa wanataka kazi ya mwanzo, si ya mwisho. Mguu wa kadri usiingie kwenye udongo, ukae juu ya jiwe ao simenti. Watu wengi wanapaka mafuta chafu ya moteri sehemu ya chini ya nguzo, na yanasaidia nje. Usiyapake kabati la chakula ao kitanda cha mtoto. Ukiona njia za udongo zinapanda ukutani, zivunje kila wiki. Ndiyo barabara yao.

Ukisugua mvule kwa msasa, funga kitambaa puani na fanya nje. Vumbi lake linawasha ngozi na kifua, na vumbi la mbao likivutwa miaka mingi linaleta hata kansa ya pua. Mtoto wa kujifunza kazi, kijana wa miaka 14 anayefagia atelye, ndiye anayelivuta zaidi.

Paa sijifanyii, na wewe usijifanyie. Lile ni la fundi wa paa. Unachoweza kufanya ni kuuliza swali moja: shevro zimeshikwa na nini ukutani? Kama jibu ni "uzito wa mabati", upepo wa mbele ya mvua utalichukua. Waya wa chuma uzame ndani ya ukuta safu kadhaa chini, upande, uzunguke mbao.

Mambo yakiharibika

Anza na shahidi wa karatasi, halafu chef wa avenyu ao wa kartye. Wengi wanamalizana hapo, sababu fundi anaishi kwa jina lake. Karatasi yako ina nguvu kuliko unavyofikiri: sheria ya mikataba ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888, ambayo ingali inatumika Kongo, inasema makubaliano yaliyofanywa kwa haki ni sheria kwa wale walioyafanya. Na mtu aliyekabidhiwa mbao akaziuza kwa faida yake anaingia kwenye kosa la kuvunja uaminifu, kifungu cha 95 cha kitabu cha pili cha sheria za makosa. Lakini kesi inakula feza na siku. Kwa mlango uliochelewa, jaribu kwanza kumlipia vijana wawili wa kumsaidia kumaliza.

Ule mlango wangu wa mwanzo sikuutupa. Miaka miwili baadaye, mwezi wa nane, fundi mwingine aliuvunja vipande, akapiga randa kingo, akaongeza ukanda mmoja mwembamba wa mvule kati ya mbao zile zile, akaurudisha kwenye kadri. Kazi ya siku moja na nusu. Mbao zilikuwa zimekaukia hapo hapo mlangoni, kilichobaki ni kuzikaribisha pamoja. Sasa uko kwenye jiko, na mvua ya mwezi wa kumi na moja iliyopita haukukwama.